Homa Ipi Iliyo Kali? Jinsi Ukali wa Virusi vya Mafua Unavyopimwa kwa Wanyama

Mwezi wa Januari mwaka 2017 ndege wa majini walionekana wamekufa katika ufuko wa Lutembe, karibu na Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria. Wengi wao walikuwa buabua, wale ndege ambao huja kwetu kila mwaka wakikimbia baridi ya Ulaya na Asia. Haukupita muda, bata na kuku wa watu nao wakafa upande wa Masaka. Serikali ikatangaza kwamba ni homa ya mafua ya ndege, ya aina iitwayo H5N8, na Kenya ikakataza kuku na mayai yatokayo Uganda. Ugonjwa wenyewe ulitangazwa Wakiso, Masaka na Kalangala, lakini hasara ilitembea mpaka huku kwetu mashariki, maana kuku wa Busoga na wa Bugisu huvushwa Busia na Malaba kwenda kuuzwa Kenya. Shangazi yangu, auzaye kuku katika soko la Mbale, alirudi nyumbani siku hizo na matenga yake yamejaa kama yalivyoondoka asubuhi.

Tangu wakati ule nimesikia watu wengi, wasomi na wasio wasomi, wakisema neno moja: "Homa ile ni kali, huua kuku kwa siku mbili, sembuse mtu!" Wenzangu, maneno hayo yana sura ya akili, lakini yafaa tuyachunguze. Kali kwa nani? Imepimwaje? Na kama imeua kuku, je, yatuambia nini juu ya mtu? Mambo hayo wataalamu wameyashughulikia kwa karibu miaka mia sasa, na njia zao si ngumu mno kwa mwanafunzi aliyesoma hesabu ya wastani na sehemu za mwili.

Kwanza majina. Virusi vya mafua vya kundi A hupewa majina kwa protini mbili zilizo juu ya ngozi yao: H, ambayo ndiyo inayoshika chembe ya mwili na kufungua njia ya kuingia, na N, ambayo huwasaidia watoto wa kirusi kutoka. Lakini H5 moja si sawa na H5 nyingine, kama vile ng'ombe wawili wa rangi moja wasivyokuwa na tabia moja. Ndani ya jina moja mna koo nyingi, na kazi ya mtaalamu ni kusema ukoo upi ni mkali kuliko upi.

Haiwezekani kuwatia watu ugonjwa ili kuona nani atakufa. Kwa hiyo wanyama hutumika, na hapo sharti la kwanza ni haki katika kulinganisha. Huwezi kusema mtu wa Mbale ni hodari wa mbio kuliko mtu wa Jinja ikiwa mmoja amekimbia akiteremka Wanale na mwingine amekimbia akiupanda. Vivyo hivyo virusi viwili vikilinganishwa, sharti wanyama wawe wa aina moja na umri mmoja, wapewe kiasi kilekile, na kwa njia ileile. Njia ni jambo kubwa. Kirusi kilichotiwa puani si sawa na kilekile kilichodungwa katika mshipa wa damu. Mara nyingi nimeona habari gazetini kwamba kirusi fulani "kimeua wanyama wote", lakini mwandishi hasemi walipewa kiasi gani wala kwa njia gani. Habari ya namna hiyo ni nusu ya habari.

Tuanze na kuku, maana ndiyo mali yetu. Kipimo cha kuku kimewekwa na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, ambalo makao yake ni Paris. Huchukuliwa kuku kumi wenye umri wa wiki sita, waliolelewa mbali na magonjwa. Kirusi kilichokuzwa ndani ya mayai yenye vifaranga huzimuliwa mara kumi, kisha kila kuku hudungwa kidogo katika mshipa. Kwa siku kumi mtaalamu huwatazama kila siku na kuwapa alama: mzima 0, mgonjwa 1, mgonjwa sana 2, aliyekufa 3. Aliyekufa huendelea kuandikiwa 3 kila siku mpaka siku ya kumi. Mwisho alama zote hujumlishwa na kugawanywa kwa 100, kwa kuwa ni kuku kumi kwa siku kumi. Jibu kubwa kabisa liwezalo kupatikana ni 3. Likizidi 1.2, kirusi huitwa kikali sana.

Mfano wa hesabu tu: siku ya kwanza kuku wote ni wazima. Siku ya pili watano wamekufa na watano ni wagonjwa, basi hiyo ni 15 na 5, jumla 20. Tangu siku ya tatu hata ya kumi wote wamekufa, yaani 30 mara nane, 240. Jumla yote ni 260, na tukigawanya kwa 100 twapata 2.60. Hicho ni kirusi kikali bila shaka. Kingine kimewaugua kuku wawili kwa siku tatu, wakapona: alama 6, jibu 0.06. Mwalimu wetu wa hesabu alipoona jedwali hili alisema kwamba hajapata kuona wastani wenye huzuni kama huu.

Sababu ya tofauti hiyo ni ya ajabu, nami naona ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Protini ya H hutoka katika chembe ikiwa kipande kimoja, na haiwezi kufanya kazi mpaka ikatwe mahali fulani. Katika virusi vya kawaida vya ndege, wakataji wa mahali hapo hupatikana katika njia ya hewa na katika matumbo tu. Kwa hiyo kirusi hufungiwa huko. Kuku hukohoa kidogo, au hupunguza mayai, basi. Lakini katika baadhi ya koo za H5 na H7 mahali pale pa kukatwa pameongezewa vipande vya asidi za namna nyingine, hata mkataji aliyemo karibu katika kila chembe ya mwili aweza kupakata. Hapo kirusi huwa na pasi ya kwenda popote: moyo, ubongo, figo, hata ngozi ya upanga. Ndiyo maana kuku huvimba kichwa na upanga hugeuka buluu. Siku hizi mtaalamu aweza kusoma mahali hapo katika jeni na kutambua kabla hajamdunga kuku hata mmoja, na kwa kirusi cha H5 au H7 kusoma huko hukubaliwa kuwa ushahidi.

Lakini bata! Aghalabu bata huchukua kirusi kinachoangamiza kuku naye akaogelea kama kawaida. Koo kadhaa za H5 za miaka ya karibuni zimeua bata pia, lakini si zote. Basi ukali wa kirusi si kitu kilichomo ndani ya kirusi peke yake, kama uzito ulivyo ndani ya jiwe. Ni jambo la kirusi pamoja na mwenye kukipokea. Mtu afugaye bata na kuku katika ua mmoja kando ya mashamba ya mpunga ya Doho au Kibimba, mahali ambapo ndege wa mbali hutua kwa wingi, yafaa alijue hilo.

Sasa panya. Panya weupe ni rahisi kuwalea, ni wengi, na wote wa ukoo mmoja hufanana kama mapacha; kwa hiyo ndio hutumika zaidi katika kulinganisha. Virusi huzimuliwa mara 10, mara 100, mara 1,000 na kuendelea, na kila kiasi hutiwa puani kwa kikundi cha panya. Kisha hutafutwa kiasi kitakachoua nusu yao. Hesabu itumikayo sana ilitolewa na Reed na Muench mwaka 1938. Kiasi kikiwa kidogo, kirusi ni kikali; kikiwa kikubwa, ni dhaifu. Pamoja na hayo panya hupimwa uzito kila siku, maana panya mwenye homa haili, kama sisi. Na mapafu ya wengine hufunguliwa ili kuhesabu virusi vilivyozaliana humo.

Jaribio lililosemwa sana ni lile la mwaka 2005. Mnajua kwamba homa ya mwaka 1918 ilizunguka dunia yote, ikapanda Afrika ya Mashariki kwa bandari na kufuata reli, na wengi hukadiria kwamba iliua watu milioni 50 duniani. Siku zile kirusi hakikujulikana. Mwaka 1997 daktari mzee, Johan Hultin, alifukua kaburi katika kijiji cha Brevig Mission huko Alaska, ambako barafu ya ardhini ilikuwa imehifadhi mapafu ya mama mmoja aliyekufa mwaka ule wa 1918. Jeffery Taubenberger na wenzake wakasoma jeni zake, na Terrence Tumpey wa Atlanta akakijenga kirusi upya katika chumba kilichofungwa kwa uangalifu mkubwa. Akakilinganisha na kirusi cha mafua ya kawaida kilichopatikana Texas mwaka 1991. Kirusi cha Texas hakikuua panya hata walipopewa kiasi cha milioni moja. Kile cha 1918 kiliua kwa elfu chache tu. Panya walipungua mpaka 13 katika 100 ya uzito wao kwa siku mbili, wengine wakafa siku ya tatu. Na siku ya nne virusi katika mapafu yao vilikuwa mara 39,000 kuliko vya Texas. Kisha akaondoa jeni moja tu, ile ya H, akaweka mahali pake ile ya Texas. Panya hawakufa. Hapo mtu huona faida ya kulinganisha: bila kirusi cha pili cha kupimia, hesabu ya kwanza haina maana.

Nyani pia walijaribiwa na kirusi hicho. Jaribio lililotangazwa mwaka 2007 lilikusudiwa kudumu siku 21, lakini nyani walizidiwa sana hata likasimamishwa siku ya nane. Mapafu yao yalijaa maji, na askari wa mwili walikuwa wakipigana ovyo bila kunyamaza. Sipendi kueleza zaidi.

Lakini panya si mtu, na wako wanaolisahau neno hili. Kwanza, milango ambayo virusi vya mafua vya binadamu huitafuta imejaa katika pua na koo letu, ila kwa panya milango iliyo mingi ni ya namna ile ipendwayo na virusi vya ndege. Kwa hiyo virusi vingi vya watu huhitaji kuzoeshwa kwa panya kwanza, vikitolewa katika mapafu ya mmoja na kutiwa kwa mwingine mara nyingi. Pili, karibu panya wote wa maabara wamepoteza ulinzi mmoja uitwao Mx1, ambao panya wengi wa mwituni wanao. Mwaka 1962 Jean Lindenmann alionyesha kwamba ukoo mmoja wa panya, A2G, husimama imara mbele ya mafua yanayoua wenzao. Baadaye ikajulikana kwamba ni kwa sababu ya jeni hiyo. Tatu, kiko kirusi kilichotoka Puerto Rico mwaka 1934, kilichozoeshwa kwa panya na mayai kwa miaka mingi. Kwa panya ni muuaji. Kwa watu kimelegea kabisa, hata jeni zake hutumika kutengenezea chanjo za mafua.

Tusidhani kwamba habari hizi ni za Wazungu wa mbali tu. Katika nchi yetu wenyewe, Entebbe, ipo taasisi ya kuchunguza virusi iliyoanzishwa mwaka 1936, wakati huo kwa ajili ya homa ya manjano. Watu wa taasisi hiyo walipata kirusi katika mbu wa Bwamba mwaka 1942, wakakiita kwa jina la msitu wa Semliki. Si cha mafua, lakini kimekuwa mwalimu mkubwa wa jambo hili tunalolisema. Ukoo wake uitwao L10, ule wa Bwamba, ukitiwa katika panya wazima huwaua kwa kuingia ubongoni. Ukoo mwingine, A7, uliopatikana Msumbiji, huwaua vitoto vya panya, lakini panya wazima hupona. Kirusi kimoja, koo mbili, na umri wa panya tu umebadili jibu. Na kwa watu? Mwaka 1987 kirusi cha Semliki kiliwapata wanajeshi wa Kifaransa huko Bangui: homa, maumivu ya viungo na kichwa kuuma siku nyingi, lakini hawakufa. Maabara za dunia hutumia jina la msitu wetu kila siku, na wengi wetu tuliozaliwa Uganda hatujui.

Mnyama anayekaribiana na mtu katika mafua ni fereti, mdogo mrefu wa jamaa ya kicheche. Mwaka 1933, huko Mill Hill, London, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walitia maji ya koo la wagonjwa katika pua za fereti, nao wakashikwa na homa na chafya kama watu. Mwaka 1936 kijana mmoja wa maabara, Charles Stuart-Harris, alipigwa chafya usoni na fereti mgonjwa, akaugua mafua. Hivyo ikathibitika kwamba njia hiyo yapitika pande zote mbili. Milango ya virusi katika koo la fereti hufanana na yetu. Tena fereti huonyesha jambo ambalo panya huonyesha vibaya: kuambukiza. Mgonjwa huwekwa katika tundu moja na mzima katika tundu la pili, hewa tu ikipita katikati.

Hapo ndipo watu huchanganya mambo mawili. Ukali ni kitu kimoja, kuenea ni kingine. H5N1 imewapata watu zaidi ya 900 duniani tangu mwaka 2003, na karibu nusu yao wamekufa, wengi wao wakiwa wameshika kuku wagonjwa au waliokufa. Lakini haijaweza kutembea kutoka mtu hata mtu kama mafua ya kawaida. Homa ya mwaka 2009, ambayo ilifika Uganda pia, ilikuwa kinyume: wengi sana waliipata, wachache katika hao walikufa.

Hata fereti hatoi jibu kamili. Mwaka 2024 mfanyakazi wa ng'ombe wa maziwa huko Texas alipatwa na H5N1. Macho yake yakawa mekundu, basi, akapona. Kirusi kilichotoka katika jicho lake kilipotiwa kwa fereti, fereti wote walikufa. Je, fereti alisema uongo? Sidhani. Pengine kirusi kilichoingia kwa jicho si sawa na kilichoingia kwa pua. Pengine kiasi kilikuwa kidogo. Pengine mwili wa mtu yule ulikuwa umekutana na mafua mengine zamani, na fereti wa maabara huchaguliwa makusudi wasiokutana na lolote. Mimi nalichukua jaribio la fereti kama king'ora cha zimamoto: kikilia, inuka ukatazame, lakini usiandike bado kwamba nyumba imeungua.

Wako wenzangu wanaouliza kama ni halali kuwatesa wanyama hivyo. Swali si la mzaha. Siku hizi katika maabara zenye sheria nzuri panya aliyepungua uzito kupita kiasi kilichowekwa, mara nyingi 20 au 25 katika 100, huuawa bila maumivu, haachwi afe mwenyewe. Naye huandikwa katika hesabu kama aliyekufa. Idadi ya wanyama lazima ielezwe mbele ya kamati kabla ya kazi kuanza. Mimi naona kwamba jaribio lisilolinganisha vizuri ndilo lenye ukatili mkubwa kuliko yote, kwa sababu mnyama ameteseka na hakuna tulichojua.

Turudi kwa H5N8 ya mwaka 2017. Kwa kuku ilikuwa kali, bila ubishi. Kwa watu wa Uganda hakutangazwa mgonjwa hata mmoja. Watu wa kwanza duniani kuthibitishwa kuwa nayo walitangazwa na Urusi mwezi wa Februari 2021: wafanyakazi saba wa shamba la kuku, nao hawakuwa wagonjwa. Yule aliyesema "sembuse mtu" alikuwa amevuka daraja lisilokuwapo. Lakini aliyejibu kwamba basi tuwachinje na kuwala kuku waliojifia, yeye naye amevuka daraja lilelile kutoka upande wa pili. Kirusi hubadilika, na aliye wa kwanza kukipokea kikibadilika ni yule anayenyonyoa. Kuku wakifa wengi kwa ghafula kijijini, huenda ni mdondo, ambao ni wa kawaida zaidi kwetu na kwa macho haupambanuki na mafua ya ndege. Daktari wa mifugo wa wilaya ndiye wa kuitwa, na mizoga isishikwe kwa mikono mitupu wala isitupwe katika Mto Manafwa.

Nawaachia hesabu moja, hasa wale wa kidato cha chini. Kuku kumi wamedungwa. Siku tatu za kwanza wote ni wazima. Siku ya nne wanne ni wagonjwa, alama 1 kila mmoja. Siku ya tano wale wanne wamekufa, na sita waliobaki ni wazima mpaka siku ya kumi. Je, kwa kipimo cha Paris kirusi hiki ni kikali sana, au sivyo? Mimi nimepata 0.76. Kisha mwulizeni muuza kuku yeyote wa soko la Mbale au la Jinja, ambaye wanne katika kila kumi wamemfia, kama anakubali jibu hilo. Jambo hili si la kubuni tu: H9N2, ambayo imeonekana katika masoko ya kuku ya Uganda na ya Kenya, huhesabiwa kuwa si kali kwa kipimo hicho, lakini hupunguza mayai, na ikikutana na ugonjwa mwingine katika tenga moja lenye kuku wengi, huua.